Kioo cha umeme kimegoma: pima kwanza, mota baadaye

Kioo cha mlango kikigoma kupanda, wengi hukimbilia dukani kununua mota. Hiyo ni haraka yenye hasara. Kwenye Corolla 110, Carina, Mark II, Noah na RAV4 za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ambazo bado zinapiga kazi kila siku kati ya Igoma, Buzuruga na Nyegezi, tatizo linaweza kuwa mahali patano: fyuzi na umeme unaoingia, swichi, nyaya zinazopita penye bawaba za mlango, mota yenyewe, au mashine ya kioo (vyuma vinavyokibeba na kukipandisha kioo) pamoja na raba zake. Ukipima kwa mpangilio huo utajua kilichokufa kabla hujatoa shilingi, na mara nyingi utakuta mota ni nzima.

Kwa gari linaloishi Mwanza, anza na jambo hili moja. Vumbi la mitaa isiyo na lami, kali zaidi Juni hadi Agosti, huingia kwenye mifereji ya raba ambamo kioo huteleza. Mvua za kuanzia Oktoba huligeuza tope, na tope likikauka hushika kama saruji. Kioo kinaanza kupanda kwa tabu, mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, mguso wa swichi (shaba zinazokutana ndani yake unapobonyeza) unaungua kidogo kidogo, na siku moja mlango unanyamaza kabisa. Mota mpya ukiifunga kwenye raba chafu haitadumu, hata ikiwa ni ya kiwandani.

Vifaa

Andaa bisibisi ya nyota na bapa, boksi au spana namba 10 yenye mkono mrefu, kipande cha plastiki ngumu cha kubanulia klipu, tepu ya karatasi yenye upana wa sentimita 5, mita ya kupimia volti, waya wa mita 2 wenye fyuzi ya ampea 20 katikati, solda na risasi yake, tepu ya umeme, spriti, msasa laini namba 1000, silikoni ya kupuliza na grisi nyeupe ya lithiamu. Nunua pia klipu sita au nane za kava la mlango. Za zamani zimekauka kwa jua na chache zitakatika tu, hata ufungue kwa upole kiasi gani.

Kifaa kimoja ni cha kutengeneza mwenyewe, nacho kina faida kuliko mita: bulbu ya taa ya breki, volti 12 na wati 21, iliyochomelewa nyaya mbili. Mita haivuti umeme wowote wa maana, hivyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 na kukudanganya. Bulbu hii inavuta karibu ampea 2. Waya mbovu hauwezi kuibeba, na bulbu itawaka kwa uvivu au isiwake kabisa.

Sikiliza kabla ya kufungua

Kwanza angalia kitufe cha kufunga vioo kwenye swichi kubwa ya mlango wa dereva, kile cha kuzuia watoto. Kikiwa kimebonyea, kioo cha dereva kinafanya kazi na vingine vyote vimelala. Inaonekana ni jambo dogo, lakini kuna milango inayofunguliwa bure kwa sababu hiyo.

Kisha geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, injini ikiwa imezimwa. Washa taa ya dari, funga milango, bonyeza swichi ya kioo kilichogoma huku ukiitazama taa hiyo. Taa ikififia kidogo kila unapobonyeza, umeme unafika kwenye mota, ila mota imekwama au kioo kimebanwa. Isipofifia hata kidogo, umeme haufiki, au kaboni za ndani ya mota (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha.

Dalili nyingine zinasema zenyewe. Mota inalia lakini kioo hakiendi, au kinadondoka: mashine imekatika. Kioo kinashuka vizuri na kupanda polepole mno: raba. Kinafanya kazi upande mmoja tu, kushuka bila kupanda: swichi, au waya mmoja. Kinakufa baada ya kupandisha na kushusha mara kadhaa, kisha kinafufuka baada ya dakika chache: ndani ya mota nyingi kuna kinga ya joto inayokata umeme, na inakata kwa sababu mota inalemewa. Kinafanya kazi mlango ukiwa wazi na kinakufa ukiufunga: nyaya za penye bawaba, hapo usitafute kwingine.

Jaribu pia hili: mtu ashikilie swichi ya kupandisha, wewe piga kava la mlango kwa kiganja, usawa wa mota. Kioo kikishtuka na kupanda, kaboni za mota zimekwisha. Utapata siku chache za kukitumia hivyo, basi.

Fyuzi

Vioo vyote vikifa pamoja, anzia hapa. Kifuniko cha sanduku la fyuzi huandikwa POWER, P/W au DOOR kutegemea gari, na fyuzi yake huwa ya ampea 20 au 30. Baadhi ya Toyota za zamani zina sakiti breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) badala ya fyuzi ya kawaida. Ichomoe uitazame na uipime. Fyuzi inaweza kuonekana nzima kwa macho na ikawa na ufa. Ikiungua tena papo hapo baada ya kubadilishwa, kuna waya unaogusa bodi (chuma cha gari, ambacho ndicho hasi), na mara nyingi ni ndani ya mlango. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na kamwe usiweke kipande cha waya. Nyaya za mlango zitayeyuka kabla ya fyuzi hiyo kukata, na moto ndani ya mlango hauonekani hadi umekwishashika kava.

Kufungua kava la mlango

Kama kioo bado kinasogea, kiache katikati. Toa skrubu ya nyuma ya kitasa cha ndani (mara nyingi imefichwa na kifuniko kidogo cha plastiki), skrubu mbili za mahali pa kuwekea mkono, na kile kipande cha pembetatu karibu na kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma. Banua paneli ya swichi, chomoa plagi yake kwa kubonyeza ulimi wa plastiki. Usivute nyaya.

Klipu zimepangwa kuzunguka ukingo wa kava. Anzia kona ya chini, ingiza plastiki karibu kabisa na klipu, ibanue moja moja. Ukivuta kava kwa nguvu kutoka katikati, klipu inabaki mlangoni na ubao wa kava unachanika, na ubao uliolowa mvua za miaka ishirini haushikiki tena. Klipu zote zikiachia, nyanyua kava juu ili litoke kwenye ukingo wa dirisha, kisha achanisha fimbo ya kitasa.

Ndani utakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Ikate gundi taratibu kwa kisu huku ukiivuta, usiipasue nailoni yenyewe. Itarudi.

Bulbu kwenye plagi ya mota

Chomoa plagi ya mota. Ina nyaya mbili nene. Rudisha plagi ya swichi, unganisha bulbu kwenye matundu yote mawili ya upande wa nyaya za gari, geuza ufunguo, bonyeza kupandisha, halafu kushusha.

Ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, swichi na nyaya ni nzima. Shughulika na mota na mashine. Ikiwaka upande mmoja tu, au isiwake, mota usiiguse kwanza.

Hapa inafaa kuelewa jinsi umeme unavyozunguka. Kwenye magari mengi haya, swichi ikiwa imetulia, nyaya zote mbili za mota zimeunganishwa na hasi. Ukibonyeza kupandisha, mmoja unapewa chanya na mwingine unabaki hasi. Ukibonyeza kushusha vinabadilishana. Kwa mlango wa abiria, hiyo hasi haitoki karibu. Inapita swichi ya abiria, inavuka bawaba, inakwenda hadi swichi kubwa ya dereva, ndipo inapokutana na bodi. Kwa hiyo swichi ya dereva ikiwa mbovu inaweza kuua kioo cha abiria, hata kama swichi ya abiria ni mpya.

Pima hivi: shika waya mmoja wa bulbu kwenye chanya ya betri, mwingine gusisha tundu moja la plagi ya mota, kisha la pili, bila kubonyeza swichi. Kila tundu linatakiwa kuwasha bulbu. Lisilowasha ndilo njia iliyokatika; lifuate kurudi nyuma hadi kwenye swichi, kisha hadi kwenye bawaba.

Nyaya za penye bawaba

Kati ya mlango na bodi kuna mpira wa mikunjo unaopitisha nyaya. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hujikunja mahali pale pale, na mlango wa dereva ndio unaofunguliwa zaidi. Shaba hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima, ndiyo maana kuangalia kwa macho hakutoshi. Vuta mpira utoke kwenye bodi, usogeze, kisha vuta waya mmoja mmoja kwa vidole taratibu. Unaorefuka laini bila ukinzani umekatika ndani. Waya mnene wa chanya au wa hasi wa swichi kubwa ukikatika hapa, vioo vyote hufa kwa pamoja na fyuzi ikiwa nzima.

Usiunge palepale ulipokatika. Risasi ya solda huufanya waya ukakamae, na sehemu iliyokakamaa ikikunjwa itakatika tena pembeni ya kiungo. Kata kipande kibovu, weka waya mpya wa sentimita 15 hadi 20, wa nyuzi nyingi laini na unene ule ule, ili viungo viangukie ndani ya mlango upande mmoja na ndani ya bodi upande mwingine. Waya wa nyumba wenye shaba moja nene haufai kabisa hapa. Ukiwa na nyaya kadhaa za kuunga, pishanisha viungo visilingane mahali pamoja, la sivyo mpira hautarudi kwenye tundu lake.

Swichi

Kabla ya kuifungua, badilishana swichi za milango ya nyuma, kushoto na kulia, kama zinafanana. Tatizo likihama na swichi, umemaliza kupima.

Swichi ya dereva hufunguka kwa kubanua ndimi za plastiki za pembeni. Ifungulie juu ya kitambaa cheupe na piga picha kwa simu, kwa sababu ndani kuna spring ndogo na vipande vya shaba vinavyobembea, na vinaruka. Shaba nyeusi isugue kwa msasa 1000 hadi ing'ae, ifute kwa spriti, iache ikauke. Soda au chai iliyomwagika huacha utando wa kunata; huo unatoka kwa spriti peke yake. Mguso ukiwa umechimbika shimo, kusugua kutakupa wiki chache tu. Tafuta swichi nyingine, na kabla ya kulipa hesabu pini za plagi na ulinganishe umbo, maana swichi za gari la jina moja hutofautiana kati ya lenye vioo viwili vya umeme na lenye vinne.

Mota na mashine ya kioo

Mota ipime kwa betri moja kwa moja kupitia ule waya wenye fyuzi: chanya pini moja, hasi pini nyingine, sekunde moja au mbili. Geuza nyaya, inatakiwa kuzunguka upande wa pili. Usiendelee kushikilia kioo kikifika mwisho.

Ikizunguka vizuri na kioo hakiendi, tazama mashine. Kuna aina mbili. Moja ni ya mikono ya chuma inayopishana kama X, yenye gia kubwa ya nusu duara. Nyingine ni ya waya wa chuma unaopita kwenye mrija na kuvuta kibebeo cha plastiki juu ya reli. Ya waya ikikatika husikika ikikwaruza mlio wa krr-krr, kisha kioo kinaanguka. Badilisha mashine nzima. Kuunga kwa waya wa breki ya baiskeli hakudumu, kwa sababu waya usiolingana na gurudumu lake hutoka kwenye mfereji na kuvunja plastiki iliyobaki.

Ili kuitoa, kioo kinyanyue hadi juu na ukibane kwa tepu ya karatasi, vipande vinne vya kupita juu ya fremu, nje na ndani. Toa bolti mbili namba 10 zinazoshika kioo kwenye mashine. Kama hazionekani kwenye matundu ya mlango, sogeza kioo kwa ile betri hadi zijitokeze, kisha ndipo ukipandishe kwa mkono. Sasa chomoa betri ya gari. Mikono yako inaingia kati ya vyuma.

Tahadhari ya kuzingatia kuliko zote kwenye kazi hii: mashine nyingi za mikono zina spring nzito ya kusaidia kunyanyua kioo, na kinachoizuia ni meno ya mota. Ukitoa bolti tatu za mota kioo kikiwa hakijashikana na mashine, mikono inafyatuka kwa nguvu za kuvunja kidole. Kabla ya kutoa mota, pitisha bolti ndefu kwenye tundu la gia kubwa hadi kwenye bamba lake, au libane kwa vaisgripu (koleo linalojifunga), na uhakikishe halisogei.

Mota iliyochoka inaweza kufunguliwa. Kaboni zikiwa fupi, badilisha. Shaba zinazozunguka zikiwa nyeusi, zisugue kwa msasa laini. Kinga ya joto usiiruke kwa waya hata kama ndiyo inayosumbua. Bila hiyo, kioo kikikwama mota itaungua. Ukinunua mota ya mtumba, omba ijaribiwe kwa betri hapo hapo dukani, pande zote mbili. Kataa yenye kutu kwenye mwili wake, kwa kuwa maji yameshaingia. Na ya kushoto haiingii kulia.

Raba

Kioo kikiwa kimeachana na mashine, kishushe na kukipandisha kwa mikono. Kinatakiwa kuteleza bila kubishana. Ukilazimika kukivuta kwa nguvu, umepata chanzo cha matatizo mengine yote.

Funga kitambaa kwenye kipande chembamba cha mbao, kichovye maji ya sabuni, kipitishe ndani ya mfereji wa raba kutoka juu hadi ndani ya mlango. Rudia hadi kitambaa kitoke kisafi. Kwenye gari la barabara za vumbi hesabu vitambaa vitatu au vinne. Acha ikauke kabisa, kisha puliza silikoni mara mbili. Oili ya injini, dizeli na grisi havifai hapa: huvimbisha raba, na vinanasa vumbi pamoja na vile vidudu vya ziwani vinavyokuja kama wingu jioni. Grisi nyeupe ni ya reli na gia za mashine tu. Raba iliyopasuka au kuchomoka chini irudishe au badilisha, maana kioo kitalalia upande mmoja na mota italemewa tena.

Kurudisha

Kaza bolti za kioo nusu nusu. Unganisha swichi na betri, washa injini, pandisha kioo hadi juu kabisa, kiache kijikalie kwenye raba, ndipo ukaze bolti hadi mwisho. Injini ikiwaka, kioo kizima hupanda kwa takriban sekunde nne hadi sita. Kikichukua kumi, pima volti kwenye plagi ya mota kikiwa kinapanda. Zikiwa chini ya 11 umeme unapotelea njiani, kwenye swichi au nyaya. Zikiwa 12 na zaidi, kioo kinabanwa.

Chokoa matundu ya maji chini ya mlango kwa kijiti. Mvua huingia kati ya kioo na raba ya nje, na ndivyo mlango ulivyoundwa: maji yatoke kwa chini. Tope likiziba matundu hayo, maji hupanda hadi kwenye mota. Rudisha nailoni, ukingo wake wa chini ukiingia ndani ya mlango ili maji yadondokee humo na siyo kwenye zulia. Kama imechanika, kata nyingine ya nailoni nene. Fundi anayefunga kava bila nailoni anakuachia swichi itakayooza na zulia litakalonuka masika nzima.

Magari yenye kioo kinachopanda chenyewe kwa mbofyo mmoja yanaweza kusahau mwisho wa kioo baada ya betri kuchomolewa. Kwenye baadhi ya Toyota taa ndogo ya swichi humetameta. Pandisha kioo kwa kushikilia swichi hadi kifunge, endelea kushikilia sekunde mbili zaidi, kisha jaribu mbofyo mmoja.

Kama mvua imekukuta kioo kikiwa chini, tuseme kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, mtu mmoja abonyeze swichi ya kupandisha na wewe ukibane kioo kwa viganja viwili, kimoja nje na kingine ndani, ukikisukuma juu. Kama mota imekufa kabisa, gia zake zitakishikilia kisisogee; hapo hakuna njia ila kufungua kava, kutoa zile bolti mbili, kunyanyua kioo kwa mkono na kukiwekea kipande cha mbao chini yake ndani ya mlango. Tepu peke yake haitoshi kwa barabara ya mashimo, na kioo kikidondoka ndani ya mlango kinaweza kupasuka.